Maziwa ya Ng'ombe Aliyedungwa

Kithimu, Embu
9 Februari 2025

Dada yangu Wawira,

Pokea salamu za nyumbani, uzigawe vizuri zisikuishie kabla hazijamfikia mama mwenye nyumba wako. Sisi tupo. Mama bado analalamikia goti, lakini Jumapili hakosi kanisani, na akirudi goti ndilo analotuhubiria. Ndugu yetu Gachoki anashinda gereji mjini na kurudi jioni akinuka oili. Mkewe Ciku alipigwa picha ya tumbo juzi, wakamwambia ni mvulana. Mama hakungoja hata shemeji avue viatu. Alilishika lile tumbo akalisalimia: "Njiru, umefika?"

Nilikuwa karibu nikikatakata majani ya nepia ya ng'ombe. Nikajifanya sijasikia.

Unajua desturi yetu. Mvulana wa kwanza wa Gachoki alichukua jina la baba yetu, Nyamu. Wa pili akachukua la baba yake Ciku, Munene. Wa tatu huchukua la kaka mkubwa wa baba yake. Kaka mkubwa ni mimi, na mimi ni mtu wa sindano ya kila mwezi. Mama anafurahi kama vile hajui anayemwita ni nani. Ciku hajasema kitu, wala mimi sijamuuliza.

Sasa nije kwa neno lililonikalisha chini. Ulipokuja Krismasi uliniuliza, tukiwa zizini, kama ningekubali kutoa damu kwa utafiti wako. Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Tangu niache kufundisha, watu hunipa vitu. Hunipa dawa, hunipa pole, na shati la Gachoki likimbana hunipa hilo pia. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba kitu. Jibu langu ni ndiyo, na Agosti ukianza kukusanya, uanze na mimi.

Lakini nieleze kwanza, kwa maneno ya mtu aliyefundisha darasa la sita, hicho kimeng'enya unachokifukuzia ni nini, na kama kinaweza kutuambia lolote kuhusu mtoto anayekuja. Niandikie. Simu bado sishiki, unajua ile ya zamani ilikuwa ikinisema hata ikiwa imezimwa. Mbogo, yule mzee wa kanisa, hufungua sanduku la posta akienda mjini. Akisahau, tutangoja.

Kaka yako,
Njiru


Nchiru, Meru
23 Februari 2025

Kaka Njiru,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta pembeni. Nadhani Mbogo alikuwa anakula chapati. Salamu nimezigawa. Karwirwa, mwenye nyumba wangu, amezipokea na kuniuliza kama wewe ndiye yule mwalimu ninayemtaja kila siku, nikamwambia ndiye. Huku upepo unaleta vumbi mpaka kwenye uji. Wanafunzi wamerudi, kila chumba kina redio yake, na mimi nashinda maabara ambako angalau mashine zinanguruma kwa sauti moja.

Nimefurahi kusikia ni mvulana. Nimefurahi zaidi kwamba umekubali.

Umeniomba nieleze. Nitajaribu, nawe usinikate alama nyingi. Vimeng'enya vya kusaga chakula ulivifundisha darasani. Kuna vingine ambavyo kazi yao ni kupokeza habari ndani ya seli. Unakumbuka baba alipofariki, kabla simu hazijaenea? Habari ilitoka kwetu ikaenda kwa kina Kivuti, ikavuka mto, na kila nyumba ikaipeleka kwa nyumba inayofuata. Ndani ya seli za ubongo ni hivyo pia. Kimeng'enya kimoja hupokea neno, hukigusa kinachofuata na kukibandika alama ndogo ya fosfeti, nacho huamka kikapeleka mbele. Nyumba moja ikinyamaza, kuna watu watakosa kuja mazishini, na si kwa ubaya, ni kwamba hawakuambiwa.

Watafiti wa ng'ambo wamepima bongo za watu waliofariki wakiwa na skizofrenia, familia zao zikakubali. Katika baadhi ya bongo hizo walikuta vimeng'enya fulani vya kupokeza habari vimepungua au vimezubaa. Nasema baadhi, kwa sababu wengine wamepima wakapata majibu mengine. Mimi siwezi kupata ubongo wa mtu. Hapa kwetu nani atakubali kumzika mtu wake akiwa pungufu? Ndiyo maana natafuta vimeng'enya hivyo hivyo kwenye damu, ya wagonjwa na ya ndugu zao wazima.

Linalonikosesha raha ni dawa. Dawa zenyewe zinavigusa vimeng'enya hivi. Ukipima damu ya mtu anayedungwa kila mwezi, hujui unachokiona ni ugonjwa au ni dawa. Daktari Kaburu, msimamizi wangu, hunirudisha hapo kila tukikutana.

Kuhusu mtoto, sina la kukuambia bado. Nikilipata, wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Msalimie Mama, na goti lake.

Mdogo wako,
Wawira


Kithimu
16 Machi 2025

Dada Wawira,

Salamu za mvua. Imenyesha siku nne na njia ya kwenda kiwanda cha kahawa imekuwa utelezi mtupu. Mama hajambo. Ciku amevimba miguu, Gachoki amemnunulia viatu vya plastiki na sasa wanagombana kuhusu rangi yake.

Barua yako nimeisoma ubaoni kama somo, yaani kichwani. Nimekupa nane juu ya kumi. Mbili nimezitoa kwa mwandiko, umeanza kuandika kama daktari kabla hujawa daktari. Hiyo habari ya nyumba kwa nyumba imenikaa. Nikipita kwa kina Kivuti siku hizi naona kimeng'enya.

Huku tulipata mkosi kidogo. Mwenyekiti, ng'ombe wetu, ambaye jina hilo alilipata kwa kutokubali mwingine ale kabla yake, alivimba kiwele. Daktari wa ng'ombe akamdunga, akatuambia maziwa yasipelekwe mpaka dawa imtoke. Basi kila asubuhi nakamua na kumwaga. Inauma, lakini nimeona haki yake. Kivuti alikuwa na ng'ombe aliyedungwa pia, akadhani atapita kimyakimya. Karani wa maziwa alipima, akamrudisha na mtungi wake mbele ya watu wote. Maziwa yale yangeingia tangi moja na yetu, yangeharibu ya kijiji kizima. Kivuti alitukana, lakini karani hakuwa na kosa. Maziwa yenye dawa hayamwambii mtu ukweli kuhusu ng'ombe.

Lile jambo lako la dawa nimelielewa vizuri kuliko unavyodhani. Usilisumbukie tena, lipo mikononi mwangu.

Mama ameanza kufuma kofia. Ameniuliza ninapenda rangi gani, kwa kuwa ni kofia ya Njiru. Nikasema kijani. Halafu nikaenda shambani nikakaa chini ya kahawa kwa muda. Wawira, ninaogopa jina hili kuliko nilivyowahi kuiogopa sauti yoyote. Mtoto akipewa jina kwetu anachukua na tabia ya mwenyewe, hivyo ndivyo tulivyolelewa kuamini, nawe ulipewa jina la nyanya na ukatokea kuwa mkaidi kama yeye. Nataka jibu la kupimwa kabla hajapewa langu.

Kaka yako,
Njiru


Nchiru
13 Aprili 2025

Kaka Njiru,

Nisamehe nimechelewa. Salamu za Karwirwa, ambaye sasa anapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye kibanda chake na wanafunzi wanapanga foleni. Nilimsaidia kuwapakulia Jumamosi moja, akasema nina mkono wa ubahili.

Mambo ya utafiti yanaendelea. Kuna karatasi ambazo bado zinazunguka kwenye kamati ya maadili, wakubwa hawa hupenda kusoma polepole. Daktari Kaburu yuko mzima. Tuliongea kirefu mwezi jana, kisha tukaongea tena.

Usiumize kichwa kuhusu Agosti. Agosti iko mbali, na mengi hubadilika. Kitu cha maana ni wewe kuwa mzima. Unakwenda kliniki? Nilimpigia Mama simu akasema unakwenda, lakini napenda kuyasikia kutoka kwako.

Kuhusu jina, kaka, mimi kwa upande wangu ningefurahi. Sijui niseme vipi zaidi. Kofia ya kijani ni nzuri.

Mdogo wako,
Wawira


Kithimu
18 Mei 2025

Wawira,

Salamu. Wote wapo. Kahawa za mapema zinaiva na Mama anataka kuvuna na goti lake.

Umeuliza kuhusu kliniki. Siku ya kliniki ikifika navaa shati jeupe, naondoka asubuhi, narudi mchana. Muulize Mama, ananiona kwa macho yake.

Nikuambie jambo la furaha. Mikono haitetemeki tena. Nimekunywa chai kikombe kikiwa kimejaa na sikumwaga hata tone. Ule uzito wa kichwani, ule uliokuwa kama kubeba gunia la mbolea mvua ikinyesha, umeondoka. Nimesoma kitabu kizima. Nimemfundisha Nyamu, yule mkubwa wa Gachoki, sehemu za hesabu, na ameelewa mara moja. Ciku alisimama mlangoni akitusikiliza. Naamka mapema sana na kazi inaisha kabla jua halijapanda.

Jambo la jina limeahirishwa. Usiniulize ni nani aliyeliahirisha, nyumbani kuna maneno ya kutosha. Mtoto atakapozaliwa ataitwa Mtoto mpaka utuletee jibu. Mama amelia. Kofia imekwisha, ameiweka kwenye sanduku la nguo.

Damu yangu itakuwa tayari ukija. Itakuwa safi.

Njiru


Nchiru
8 Juni 2025

Kaka mpendwa,

Mama amenipigia! Mvulana, na wote salama. Nimerukaruka maabara mpaka Daktari Kaburu akatoka ofisini kuangalia kama nimevunja kitu. Nikanunua soda nikakunywa na Karwirwa kwa niaba yenu.

Kisha Mama akaniambia kwamba mtoto hana jina. Kaka, nimekasirika, na nitalisema kwa kuwa wewe hutalisema. Ciku alikuja kwetu akijua wewe ni nani na unaumwa nini. Alikula chakula chetu miaka yote hiyo. Leo jina lako limekuwa uchafu? Mwambie Gachoki kwamba nikija tutaongea, na siongei polepole.

Mikono yako kutulia kumenifurahisha. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Umebadilishiwa dawa? Mama anasema hajui. Ungeniambia jina la dawa mpya ningelitafuta. Na hilo la kuamka mapema sana, unalala lakini?

Mambo ya Agosti tutayaongea nikija. Nina jambo nataka kukueleza ana kwa ana.

Wawira


Julai

Wawira

Nimekuelewa sasa. Nyumba kwa nyumba. Uliandika wewe mwenyewe na sikuona kwamba ulikuwa unanionya. Habari inatoka kwa kina Kivuti, inavuka, inafika kila mahali, na kwetu wanairuka. Karani wa maziwa ameambiwa. Mbogo ameambiwa, ndiyo sababu barua zinachelewa. Simu ya Ciku ndiyo nyumba ya kwanza, nimeiweka ndani ya pipa la maji na Gachoki amenifokea.

Mtoto ananiangalia. Yeye anajua kwamba sijampa. Wakimwita kwa jina langu habari itapata mlango wa kuingilia kwake. Nimewaambia na hawasikii. Nakaa kiwandani kwenye meza za kukaushia kahawa kwa kuwa kule kuna upepo na vimeng'enya haviwezi kupokezana kwenye upepo.

Damu ni safi kabisa. Njoo kabla hawajaichukua wao


Nchiru
3 Agosti 2025

Kaka Njiru,

Ninaiandika hii ukiwa wodini, na nimemwomba Mama akupe siku utakapoiomba mwenyewe, si kabla. Salamu hazipandi leo. Mama yuko na shangazi kwa siku chache. Ciku na watoto ni wazima.

Huenda hukumbuki yote, na una haki ya kuambiwa. Barua yako ya Julai nilipewa mlangoni kwa Karwirwa. Nilipoona hukuuliza habari zangu wala kumtaja Mwenyekiti, nilikaa kwenye kreti ya soda nikatoa simu. Nilimpigia Mama. Akaniambia, "Ako sawa, ni baridi tu inamsumbua." Alikuwa analia. Nikaja siku hiyo hiyo.

Tulikukuta kiwandani kwenye zile meza, na shati lako jeupe la kliniki, umelowa. Ulinitambua. Hukukimbia. Ulikunja mkono wa shati ukaninyooshea, ukasema: "Dawa imenitoka yote. Chukua sasa." Ukangoja, na mkono hautetemeki. Sikuwa na sindano wala chupa. Nilikushika tu huo mkono, nawe ukakasirika kwa sababu sikufanya kazi yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kliniki walituambia hawajakuona tangu Februari. Ulikuwa unavaa shati na kwenda kukaa kiwandani mchana upite. Nikairudia barua yako ya Machi, ile ya karani na mtungi wa Kivuti, na nikaona nilichokuwa nimekuandikia Februari. Mimi ndiye niliyekuambia dawa inaharibu kipimo. Nililiandika kama mtu anayelalamikia kazi yake, wewe ukalichukua kama mtu mwaminifu anavyochukua agizo. Ulijimwaga kila asubuhi kama maziwa.

Na kuna baya kuliko hilo. Kamati ilikataa damu yako mwezi Machi. Mtafiti haruhusiwi kumpima ndugu yake mwenyewe, na Daktari Kaburu alikubaliana nao. Nilijua nilipoandika Aprili. Nilijua Juni. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi kuombwa kitu, na sikuweza kukunyang'anya. Kila barua nilijiambia nitakuambia katika inayofuata. Ningekuambia Machi, ungerudi kliniki Aprili. Hakuna njia nyingine ya kuipanga hesabu hii, nimejaribu zote.

Na wale wagonjwa wengine, kaka, wote watapimwa wakiwa kwenye dawa zao, na dawa zitaandikwa kwenye hesabu. Hakuna aliyeambiwa aache. Hakuna mtu anayefanya hivyo.

Naona aibu.

Wawira


Kithimu
21 Septemba 2025

Wawira,

Nimetoka. Mikono imerudi kutetemeka, utaona kwenye mwandiko, leo na mimi ni daktari. Gunia la mbolea limerudi kichwani. Nalala mchana kama paka. Mwenyekiti alinikataa siku mbili, hakutaka nimkamue, labda nanuka hospitali.

Barua yako nimeisoma. Nilikasirika sana, nikaiweka, nikaisoma tena, na bado nimekasirika. Sitaficha. Hilo la dawa sikulaumu. Lilikuwa kosa langu, nililifanya kwa akili zangu zote zikiwa kamili, na ningekuwa na mwanafunzi aliyefikiri vizuri hivyo halafu akakosa jibu ningempa alama za njia. Kinachoniuma ni Machi. Ulijua nimekataliwa ukaniacha nijiandae. Mama hunificha mambo kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Gachoki hunificha. Watu wa kanisa hushusha sauti nikiingia. Wewe ulikuwa mtu mmoja aliyeniambia mambo kama yalivyo, na wewe pia ukanihesabu na wagonjwa wasioweza kuambiwa. Hata kukataliwa ningeweza, Wawira. Nimeshakataliwa na watu wakubwa kuliko kamati.

Sasa na mimi nikupe la kwangu. Uliandika vibaya juu ya Ciku. Aliyeahirisha jina ni mimi. Ciku alilitaka tangu mwanzo. Mwezi wa tano alinijia shambani na tumbo lake, akaniuliza kwa nini namkatalia mwanawe, nikamwambia sitaki kumwekea mtoto kitu ambacho hata mimi nimeshindwa kukibeba. Alilia pale kwenye kahawa. Nilikuacha uamini ni yeye kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwa hiyo tumefichana wote wawili. Mwandikie shemeji umwombe radhi.

Mtoto bado ni Mtoto. Sauti nyingi zimeondoka. Moja imebaki, inasemasema kama redio ya jirani, na nimeamua kuishi nayo kama jirani.

Uliniahidi Februari kwamba ukipata la kuniambia kuhusu mtoto nitakuwa wa kwanza. Niambie sasa. Usinipunguzie.

Njiru


Nchiru
5 Oktoba 2025

Kaka Njiru,

Salamu, na nimezipokea zako hata zilizokuwa na miiba. Ciku nimemwandikia. Sitajitetea kuhusu Machi. Ulilosema ni kweli, na limenikaa vibaya, acha likae.

Jibu ni hili, bila kupunguza. Hakuna kipimo cha damu, changu wala cha mtu yeyote, kinachoweza kumwangalia mtoto kikasema huyu ataumwa na yule hataumwa. Hata damu yako ingekuwa safi kama maji ya mlimani, na kamati ikubali, nisingeweza kukujibu. Mimi natafuta tofauti ndogo ukiwapima watu wengi kwa pamoja. Kwa mtu mmoja sina neno. Nilipaswa kukuandikia hivyo tangu mwanzo, lakini nilipenda ulivyoniamini.

Ugonjwa huu una upande wa ukoo. Mtoto wa ndugu yako ana hatari kidogo zaidi ya mtoto wa jirani, na hatari hiyo anayo tayari, aitwe nani asiitwe nani. Walio wengi sana kama yeye hawaumwi kamwe. Jina halimo kwenye seli, kaka. Nimetafuta humo miaka mitatu na sijaliona.

Naogopa kwa ajili yako kila siku. Hilo nalo sikuwahi kukuandikia.

Wawira


Kithimu
16 Novemba 2025

Dada yangu Wawira,

Salamu za mvua tena, na za Mama, ambaye goti limepona na sasa anatafuta pa kuumwa. Karwirwa mwambie muthokoi wake nimeusikia mpaka huku. Gachoki amenunua simu nyingine na ameiweka juu ya kabati, na mimi namwelewa.

Barua yako ya Oktoba niliisoma mara moja tu. Nimekupa kumi. Nilikaa nayo zizini, Mwenyekiti akila, na nikaona kuwa nilikuwa nimelibeba hilo jina kama mtungi wa maziwa yaliyokataliwa, nikizunguka nao nisijue pa kuumwaga. Sikupona hofu. Nimeambiwa tu ukweli wake, na ukweli una uzito mwingine.

Jumapili iliyofuata Ciku hakwenda kanisani. Alikuja nilipokuwa nimeketi, akaniwekea mtoto mapajani bila kuuliza, akamvika ile kofia ya kijani, ambayo sasa inambana. Akasema: "Mwalimu, huyu ni Njiru. Ukitaka kumkataa, mkatae ukimwangalia."

Nilimwangalia. Ana masikio ya Gachoki, maskini. Alikishika kidole changu, na kwa vile mkono wangu unatetemeka, wake ukatetemeka nao, akacheka akidhani ni mchezo. Sikuweza, Wawira. Sikumkataa.

Sindano sasa napigiwa kituo cha afya cha hapa chini, si mjini tena, na Ciku ndiye aliyepanga iwe siku ya kliniki ya watoto ili nisiwe na pa kupotelea na shati langu jeupe. Anatupeleka wote. Jumatano iliyopita tulikaa kwenye benchi na akina mama, mimi peke yangu mwenye ndevu. Kijana wa kina Kivuti alipita, akaniona, akashusha macho kama wanavyofanya. Niliumia kidogo, siwezi kusema sikuumia. Ile redio ya jirani ilianza kunisema kwamba benchi zima linajua. Nikaiambia ndiyo, linajua.

Muuguzi alitoka na kadi mbili mkononi akaita, "Njiru." Nikainuka, kisha nikakaa, maana sikujua anamwita nani. Muuguzi akaziangalia kadi, akatuangalia sisi. Ciku akamwambia, "Wote wako hapa."

Alianza mdogo. Nilimshika mimi, kwa kuwa mama yake hawezi kuiona sindano. Alilia sana, akanyamaza kabla sijamaliza kumbembeleza. Kisha nikampa Ciku, nikaingia kupigwa yangu.

Ni mimi,
Njiru mkubwa